Mtu Huru wa Mto Patuxent

Kwenye orodha ile ya kodi jina lake lilikuwa la tatu kutoka chini, wino umefifia hadi kuwa rangi ya chai, na mbele yake karani wa siku zile alikuwa amejaza tarakimu. Ekari ishirini na tatu. Farasi mmoja. Ng'ombe wawili. Halafu ikaja safu ya mwisho, ambayo kichwa chake nilikisoma mara tatu kwa kutotaka kukiamini: watumwa. Chini ya kichwa hicho, mkabala na jina la babu wa ukoo wa mume wangu, mtu mweusi aliyekuwa huru miaka mia mbili na zaidi iliyopita, karani alikuwa ameandika mbili.

Nilizima taa ya mashine ya kusomea filamu za nyaraka kana kwamba nimefumaniwa. Hakuna aliyekuwa akiniangalia. Chumba cha kusomea nyaraka pale Annapolis kilikuwa na watu sita au saba, kila mmoja ameinamia mashine yake, na mtunzaji wa nyaraka, mzee mwenye miwani iliyofungwa kamba, alikuwa akipanga visanduku kwenye kigari. Niliwasha tena. Mbili ilikuwa palepale. Nikachukua nakala ya ukurasa ule, nikaikunja, nikaitia katikati ya jalada nililokuwa nikibeba kila Jumatano, na wakati nikitembea kwenda kwenye gari nilihisi jalada lile limekuwa zito.

Ilikuwa mwezi wa tano, na mkutano wa ukoo ulikuwa mwezi wa nane.

Lazima nieleze mama mkwe wangu alikuwa mtu wa namna gani, maana bila hivyo mtu hawezi kuelewa kwa nini niliogopa. Alikuwa mjane, amestaafu baada ya kuitumikia serikali miaka thelathini na kitu, akiishi peke yake katika nyumba ya matofali Temple Hills ambako hata vitambaa vya jikoni vilipigwa pasi. Hakuwa mkali wa kupiga kelele. Alikuwa mkali wa kunyamaza. Na kama kulikuwa na jambo moja alilosimamia maisha yake yote, ni lile aliloambiwa na bibi yake: kwamba ukoo wao haukuwa kama koo nyingine. Babu yao wa kwanza aliyejulikana alikuwa mtu huru, mwenye shamba lake karibu na Mto Patuxent, wakati nchi yenyewe ilikuwa bado changa. "Sisi hatukuwahi kuwa mali ya mtu," alikuwa akisema. Aliwaambia wenzake kanisani. Alimwambia mleta barua. Aliniambia mimi siku ya kwanza niliyoingia nyumbani kwake, nikiwa mchumba wa mwanawe, nimevaa gauni la kitenge nililodhani litampendeza.

"Na ninyi," aliniuliza siku hiyo, "mnajua mlikotoka?"

"Morogoro, Mama."

"Siulizi mji. Nauliza watu."

Kwa miaka miwili tuliongea kama watu wanaosubiri basi kituo kimoja.

Kilichobadilisha hali ni mlo mmoja wa Jumapili, nilipotaja kwamba kabla ya kuja Marekani nilikuwa karani wa masjala katika ofisi ya ardhi, na kwamba kazi yangu kubwa ilikuwa kusoma majalada ya zamani, mengine ya tangu enzi za Mjerumani. Aliweka uma chini.

"Unaweza kusoma miandiko ya zamani?"

"Naweza, Mama. Ukishazoea mkono wa mwandishi, inakuwa kama kumsikia mtu mwenye kigugumizi. Unamzoea."

Wiki iliyofuata akanipa kazi. Watu wa ukoo wangekuja kutoka Ohio, kutoka California, kutoka kila mahali walikotawanyikia, na yeye angesimama mbele yao kuwasimulia habari za babu huyo kwa ushahidi wa karatasi, si kwa maneno ya bibi tu. Ilikuwa mara ya kwanza kuniomba kitu. Siku nyingine zote nilikuwa nikihudumia wagonjwa katika nyumba ya wazee huku Bowie, tunakoishi. Jumatano ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Nikaitoa Jumatano yangu kwa furaha kuliko ninavyoweza kueleza.

Na sasa nilikuwa na ile mbili.

Nilimwonyesha mume wangu jioni hiyohiyo. Aliisoma amesimama kando ya jokofu, funguo za gari bado ziko mkononi.

"Inaweza kuwa makosa ya karani," alisema.

"Inaweza."

"Basi ni makosa ya karani."

"Sijui bado. Nahitaji kutafuta zaidi. Lakini nadhani tumwambie mama kabla hajaendelea mbele."

"Usimwambie." Alinitazama kwa namna ambayo sikuizoea, kama mtoto anayejua kilichovunjika ni cha nani. "Wewe humjui. Hiki ndicho alicho nacho. Ukimnyang'anya hiki, sijui utamwachia nini."

Nikakubali. Nilijiambia nakubali kwa heshima ya mume wangu, lakini ukweli ni kwamba sikutaka kupoteza nafasi yangu mezani.

Wiki tano zilizofuata zilikuwa ndefu. Mama mkwe alinipigia simu kila Jumatano kabla hata sijavua viatu. "Umepata nini leo?" Nami nilimpa vipande salama: hati ya shamba, alama ya msalaba aliyoweka babu badala ya sahihi, jina la jirani aliyepakana naye upande wa mashariki. Alishangilia kila kipande. Niliporudi tena Annapolis nilizunguka vitabu vile kama mtu anayezunguka nyumba yenye mbwa, nikitafuta kila kitu isipokuwa kile nilichopaswa kukitafuta. Niliogopa kwamba nikichimba nitakuta si makosa ya karani. Huku nyuma yeye alikuwa akiijenga simulizi yake. Aliandika hotuba. Aliagiza fulana za watu sabini, na kifuani ziliandikwa kwa herufi za dhahabu: Huru Tangu Mwanzo.

Fulana zilifika mwishoni mwa mwezi wa sita. Jumapili hiyo alitutandazia moja juu ya kochi, akaipapasa kwa kiganja. Mume wangu alisema ni nzuri. Mimi nikasema ni nzuri. Kisha nikaenda jikoni kutazama kuku kwenye oveni, nikaliacha jalada langu kwenye kiti cha sebuleni.

Niliporudi alikuwa amesimama katikati ya chumba, nakala ile mkononi, alama za mikunjo bado zinaonekana.

"Hii nini?"

"Mama, nilitaka kwanza nihakikishe..."

"Nimekuuliza, hii nini?"

"Ni orodha ya kodi."

"Naona ni orodha ya kodi. Huyu ni nani?" Kidole chake kilikuwa juu ya jina. "Na hii mbili ni ya nini?"

Hakuningoja nijibu. Alikuwa ameshasoma kichwa cha safu. "Tangu lini unayo?"

"Wiki tano."

"Wiki tano." Alilirudia neno taratibu. "Wiki tano umekaa kwenye meza yangu, unakula chakula changu, unanisikiliza, na unajua."

Mume wangu alisimama. "Mama, mimi ndiye niliyemwambia asiseme."

"Kaa chini." Hakumtazama hata kidogo. Alikuwa akinitazama mimi, na sauti yake haikupanda, ingekuwa nafuu kama ingepanda. "Watu wa kwenu walituuza. Sasa umevuka bahari yote hii kuja kuniambia kwamba hata sisi wenyewe tuliuzana."

Harufu ya kuku ilianza kugeuka ya kuungua na hakuna aliyekwenda. Mwishowe alinirudishia karatasi, si kwa kuitupa, aliniwekea mkononi na kuvifunga vidole vyangu juu yake. "Nendeni nyumbani," alisema.

Siku nane hakupiga simu. Mume wangu alikwenda mara mbili, akarudi akisema hakufunguliwa mlango ingawa taa zilikuwa zinawaka na gari lipo. Kazini nilimwosha mzee mmoja mgongo, nikajikuta nimesimama na kitambaa kikidondosha maji chini, sijui nilikuwa nawaza nini. Tulikuwa tumekorofishana pia, mimi na mume wangu. Alisema bora ningeichoma ile karatasi. Nilimwambia karatasi ya kweli iko Annapolis na haichomeki. Tukalala kila mtu amegeukia ukuta wake.

Siku ya tisa, Jumanne asubuhi, simu ililia.

"Kesho unakwenda?" Hakusalimia.

"Nikiruhusiwa, Mama."

"Nipitie saa mbili asubuhi."

Alikuwa akinisubiri nje, amevaa suti ya kanisani na kofia. Pale Annapolis alijiandikisha kwenye daftari la wageni kwa mwandiko wake mzuri wa ofisini, akaketi karibu nami, akamwambia mtunzaji wa nyaraka, "Babu yangu ameandikwa hapa kuwa na watumwa wawili. Nataka kujua ni akina nani."

Mzee yule hakushtuka. Nadhani alikuwa amesikia mengi zaidi ya hayo. Alituambia tuachane na orodha za kodi, tutazame vitabu ambamo mauziano yaliandikishwa, mwaka hadi mwaka, tukirudi nyuma. Akatuletea visanduku vya kwanza.

Tulianza saa tatu. Mwandiko wa kitabu kile ulikuwa mbaya, herufi zimelaliana. Mama mkwe hakuweza kuusoma, kwa hiyo nilisoma kwa sauti ya chini, na yeye alitazama midomo yangu badala ya kioo. Watu wa watu, waliouzwa mmoja baada ya mwingine. Mwanamke na mtoto anyonyaye. Msichana. Mhunzi. Nilikuwa nimeyajua haya kwa jumla kama kila mtu ayajuavyo, lakini kuyatamka moja moja, mbele ya mwanamke mwenye kofia ya kanisani, kulinifanya nione haya kwa pumzi yangu mwenyewe. Mara mbili nilitaka kuomba tupumzike. Hakunipa mwanya.

Saa nane na kitu nikalikuta jina la babu, safari hii upande wa mnunuzi.

"Ni yeye," nilisema.

"Soma."

Nilisoma. Alikuwa amemnunua kutoka shamba la jirani mwanamke mmoja mweusi mwenye umri wa miaka hamsini na miwili hivi. Hapo karani alikuwa ameongeza maneno manne au matano madogo, yamebanwa pembeni, nami nikasogeza filamu ili yaingie katikati ya kioo. Niliyasoma kimoyomoyo kwanza, nikahofia kuyakosea.

"Mwanamke huyo," nilisema, "akiwa ndiye mama mzazi wa mnunuzi."

Mama mkwe alishika ukingo wa meza.

"Kama ni mama yake," alimwuliza mtunzaji wa nyaraka, na hapo ndipo sauti yake ilipopanda kwa mara ya kwanza, mpaka watu wakageuka, "kwa nini hakumwachia huru? Kwa nini aliandikwa naye kama ng'ombe?"

Mzee alisogeza kiti. Alieleza kwamba sheria ya hapa wakati huo haikuruhusu mtu aliyevuka miaka arobaini na mitano kuachiwa huru. Waliogopa wenye mali wangewatupa wazee barabarani nguvu zikishawaishia. "Mwanawe angeweza kumnunua," alisema. "Kumwachia huru kwa karatasi, hapana. Angekufa akiwa mali yake, hata kama alikuwa akilala kitanda kizuri kuliko vyote nyumbani."

Mama mkwe alivua miwani. Alilia bila sauti, mabega yametulia, machozi yakishuka tu. Nilimpa kitambaa changu. Nikaona tumeokoka: kulikuwa na sababu, tena sababu ya kupendeza, ya kusimuliwa mbele ya watu sabini. Nikaanza kuitoa filamu kwenye mashine haraka. Nilitaka twende. Nakiri hilo. Nilijua hesabu haijatimia, na nilitaka twende.

Alikuwa amesimama, mkoba umeshaingia mkononi. Akasita.

"Iliandikwa mbili," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Huyu ni mmoja."

Tukaketi tena. Ilikuwa imebaki saa moja na nusu kabla ya kufunga. Nilitafuta upande wa wanunuzi, hakuna. Mzee akatuletea kisanduku kingine, akasema tujaribu upande wa wauzaji. Zikiwa zimebaki dakika ishirini, wengine wameshaanza kurudisha filamu zao na kukusanya karatasi zao, nikaliona. Babu yule wa Mto Patuxent, mtu huru, alikuwa amemuuza mwanamume wa miaka ishirini na kitu kwa mfanyabiashara aliyekuwa akipeleka watumwa kwenye mashamba ya kusini. Jina moja tu, halina la baba. Alama ya msalaba chini, ileile niliyomletea mama mkwe mwezi uliopita kama zawadi.

"Ni nduguye?" aliuliza.

"Haisemi."

"Soma tena. Labda umeruka. Wanaandika pembeni."

Nilisoma tena, neno kwa neno, nikatazama pembeni, juu na chini. Hakukuwa na kitu pembeni.

"Hakuna mwanawe? Hakuna nduguye? Hakuna chochote?"

"Hakuna, Mama. Ni jina lake tu, na kwamba ni mzima wa mwili."

Tulirudi kwenye barabara kuu wakati watu wakitoka makazini, magari yamebanana, jua likitupiga usoni. Kabla ya kufika Bowie aliniambia nitoke barabarani. Niliegesha kwenye kituo cha mafuta. Nilidhani anataka kutapika. Alikaa ameelekeza macho kwenye kioo cha mbele.

"Kwenu," alisema, "mlikuwa nao?"

Ningeweza kusema sijui. Kwa miaka mingi hilo ndilo nililojiambia. Lakini nilikuwa nimechoka kuficha karatasi.

"Nyumbani kwa babu yangu," nilimwambia, "kulikuwa na mwanamke mzee sana aliyekuwa akila peke yake. Hakuketi mkekani nasi hata siku ya sikukuu. Sisi watoto tulimwita Bibi wa Jikoni. Nilipokuwa mkubwa, babu ameshafariki, shangazi akaniambia kwamba aliletwa pale akiwa mtoto mdogo, amebadilishwa kwa nguo, na kwamba mambo hayo hayaulizwi."

"Hukuuliza?"

"Sikuuliza."

"Alikuwa anaitwa nani hasa?"

"Sijui, Mama. Hakuna aliyebaki anayejua."

Aligeuka akanitazama, muda mrefu, magari yakija na kuondoka kwenye pampu. Sikuona msamaha katika macho yale, wala hasira. Alinitazama kama mtu anayesoma mwandiko. Kisha akasema, "Endesha."

Mkutano ulifanyika Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane, kwenye banda la bustani moja Greenbelt, moshi wa nyama umetanda na watoto wanakimbizana wakiwa wamevaa fulana zile za herufi za dhahabu zinazofika magotini. Yeye hakuvaa yake. Alivaa suti ileile. Mdogo wake wa kiume, mwalimu mkuu mstaafu kutoka Ohio, alikuwa ameshaambiwa asubuhi, na nilimwona akimfuata kutoka meza hadi meza.

"Siyo leo, dada," alikuwa akisema. "Sema habari ya babu na mama yake uache hapo. Ile nyingine kuna faida gani? Kuna watoto hapa."

"Nimewaambia watu hawa uongo miaka hamsini," alijibu. "Sikujua ni uongo. Leo najua."

Alisimama mbele, akaniita nisimame kando yake nishike nakala. Alisoma ya kwanza, ya mama wa babu, na watu wakasema amina, mwanamke mmoja akainua mikono. Wangemshangilia mpaka jioni. Alingoja watulie. Kisha akasoma ya pili, moja kwa moja, bila kuipamba, na alipolifikia jina la mwanamume yule alilitaja mara mbili.

Hakuna aliyesema amina. Nyama iliachwa ikiungua. Mdogo wake aliiweka sahani yake juu ya meza, akawakusanya mkewe na binti zake, wakaenda kwenye gari. Mtu mmoja nyuma alisema kwa sauti kwamba karatasi za wazungu wale haziaminiki. Mwingine alimwambia anyamaze. Mama mkwe alibaki amesimama palepale, kidevu juu, na nilipomshika kiwiko nikahisi mwili wote umekaza kama waya. Hakuniondoa mkono.

Sitasema mambo yalikaa sawa. Baadhi ya watu hawakurudi mwaka uliofuata. Hakuwahi kuniomba radhi kwa maneno yale ya sebuleni, nami sikuwahi kumwomba radhi vya kutosha kwa zile wiki tano. Lakini tuliendelea kwenda Jumatano, yeye na mimi, tukimtafuta yule mwanamume. Tuliandika barua kwa mahakama za majimbo ya kusini. Tulisoma orodha za meli za pwani na za mashamba ya pamba hadi macho yakauma, na mara nyingi tulirudi bila chochote, tukinunua kahawa njiani, yeye akinisimulia mambo ya utotoni mwake ambayo hata mwanawe hakuwahi kuyasikia.

Mdogo wake alikaa miezi kumi na minne bila kumpigia simu. Alipopiga, nilikuwa nyumbani kwake, karibu na simu, nikapokea mimi. Sauti yake ilikuwa nzito. Aliniuliza hali, akaniuliza hali ya dada yake.

"Yule aliyeuzwa," alisema, "mmempata?"

"Bado, mjomba."

"Endeleeni kutafuta," alisema, akakata simu.